Marehemu Waliojaza Faili la Maji

Moshi,
Jumatano, saa nane mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao sijambo. Kikohozi kilichonikamata wakati wa baridi kimeniachia, na chakula nakula vizuri. Nyie huko Masasi mnaendeleaje? Mguu wako wa kushoto unakanyaga sawasawa, au bado unamdanganya Mama kwamba umepona ili akuruhusu kwenda barazani? Na ile dawa ya macho unaitia kila siku, au imekaa dirishani inaangalia wapita njia? Nijibu ukweli, maana Mama nitamuuliza pembeni.

Barua yako niliipokea kwa kondakta wa basi. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Nikambana yule kijana mpaka akaapa kwa jina la mama yake mbele ya abiria. Nilipofika chumbani nikaona umeongeza mistari miwili mwishoni kwa kalamu nyingine, nikajua aliyeifungua ni wewe mwenyewe baada ya kukumbuka neno. Kondakta sijamwomba radhi bado. Pia nimeziona alama zako nyekundu kwenye barua yangu ya mwezi uliopita. Asante kwa masahihisho, lakini "stendi" kila mtu anaandika hivyo siku hizi.

Leo nina habari ndefu, na nakuandikia wewe na siyo mtu mwingine kwa sababu wewe umekaa miaka yote ile ukarani wa mahakama ya mwanzo, ukiandika maneno ya waongo na ya wakweli kwa mwandiko mmoja. Nimefanya kosa, Baba. Nimelifanya kwa ile tabia niliyoirithi kwako, ya kutomwamini mtu mpaka nimgeuze mifuko.

Bado niko kwenye duka la stesheneri la Mama Rehema. Nachapa, natoa kopi, natuma maombi ya watu kwa mtandao. Wiki kama saba zilizopita aliingia mzee mrefu mwenye koti la sufu, ameshika flashi kwa vidole viwili kana kwamba itamng'ata. Anaitwa Mzee Anselmi, katibu wa mfongo mmoja huko Uru. Mfongo ni mtaro wa kumwagilia uliochimbwa na mababu zao, unachukua maji mtoni kule juu karibu na msitu na kuyashusha mpaka kwenye vihamba. Kihamba nacho ni shamba la ukoo, ndani yake kuna nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee wao. Maji hayatoshi wote kwa pamoja, kwa hiyo kila kihamba kina siku yake na saa zake. Ikikupita zamu, unakaa wiki nzima unaangalia majani yakijikunja.

"Binti," akasema, "hii faili imenitesa. Nimeituma mara nne, inarudi. Wanasema ni kubwa."

Akanieleza kwamba ofisi ya maji inataka orodha ya watumiaji wote wa mfongo kwa barua pepe, iwafikie kabla ya Ijumaa. Orodha ikishagongwa muhuri, aliyemo ana zamu, asiyemo hana. Kuifungua tena kabla ya mwaka kwisha ni mpaka kamati nzima ikae na kusaini, na ofisi ikubali. Kwa hiyo faili lisipoingia, mfongo mzima unakosa kibali wakati huu wa kiangazi.

Nikaipima ile flashi kama ina virusi. Haina. Nikaipima tena, kwa sababu flashi isiyo na virusi hapa mjini ni jambo la kushangaza. Kisha nikaangalia uzito wa faili, macho yakanitoka. Ni orodha ya watu sitini na kitu tu, jedwali la Eksel la kawaida, lakini zito kuliko video ya harusi yenye kitchen party ndani yake. Nikasema moyoni, majina sitini hayawezi kuwa na uzito huu. Humu ndani kuna mtu kaficha kitu.

Nikamwambia aniachie, arudi Alhamisi.

Kulifungua tu, kompyuta ilihema mpaka nikamaliza kutoa kopi za vyeti vya mteja mwingine. Kitu cha kwanza nilichokiona ni rangi. Mzee alikuwa amepaka kijani chini ya majina yote, na majina yalipoisha hakusimama, akaendelea kupaka mistari mitupu mpaka mwisho wa jedwali, ambako hata ukishuka siku nzima hufiki. Kompyuta haijui kwamba pale hakuna mtu. Inaihifadhi ile rangi yote kama mali. Nikampigia simu.

"Mzee, nani alipaka hii kijani?"

"Mimi. Nilitaka ipendeze, inafanana na kahawa."

Sikucheka. Nikaandika pembeni kwenye daftari langu: anapaka rangi mahali pasipo na watu, kwa nini? Nikaifuta mistari yote mitupu. Faili likapungua kidogo.

Kisha nikakuta shiti, yaani kurasa za jedwali, kumi na nne zilizofichwa. Kila msimu mzee alikuwa ananakili jedwali zima, anabadilisha majina mawili matatu, la zamani analificha. Nikampigia tena. Akasema karatasi ya zamani haitupwi, huenda ikaja kesi. Hapo ungemsifu, Baba, lakini mimi nikazidi kumshuku. Mtu anayejiandaa kwa kesi ana kesi. Nikazinakili zile shiti kumi na nne kwenye faili la pembeni, kisha nikazitoa kwenye lile la kutuma. Likapungua tena, ila bado lilikuwa zito kupita kiasi.

Ndipo nikafika kwenye picha. Kulikuwa na safu imeandikwa "Uthibitisho", na ndani ya kila chumba cha safu hiyo kuna kapicha kadogo kama kucha. Watu wengi hudhani picha ukiivuta pembe ikawa ndogo, na uzito wake umepungua. Ni sawa na kukunja blanketi. Limekuwa dogo, lakini jaribu kulibeba. Nikaivuta picha ya kwanza ikajaa kioo. Kaburi. Kaburi la saruji lenye msalaba, jina na tarehe, limezungukwa na yale majani marefu wanayoyaita isale. Ya pili, kaburi. Ya tatu, mpaka wa shamba na isale zake. Ya nne, kaburi, na mbuzi amesimama juu yake.

Mama Rehema akachungulia begani kwangu, akasema, "Yarabi, unachapa nini wewe?" Akaenda kukaa upande wa pili wa duka.

Nikaanza kulinganisha misalaba na majina ya wenye zamu. Jina kwa jina, Baba, kama ulivyonifundisha kusoma hati: kidole kwenye mstari, mdomo umefungwa. Nikawakuta kumi na mmoja. Watu kumi na mmoja wameandikwa kwamba wana siku na saa ya kufungua maji, na misalaba yao inasema walishazikwa, wengine kabla mimi sijazaliwa. Nikazikumbuka zile kesi ulizotusimulia, za watu waliofufuka siku ya kugawa mashamba. Nikazikumbuka taarifa za redio za wafanyakazi hewa. Nikajipiga kifua: hawa ni watumiaji hewa, na mzee huyu mpole mwenye koti la sufu anakula maji ya marehemu.

Simu ilikuwa mkononi. Kumuuliza kulihitaji dakika moja tu. Sikumuuliza. Nilijiambia mtuhumiwa haulizwi kabla ushahidi haujakamilika, nikajiona mwerevu sana. Nikawafuta wote kumi na mmoja pamoja na picha zao. Zile picha nyingine nikazibana kwa ile amri ya kompyuta inayopunguza uzito wenyewe, siyo kuvuta pembe. Faili likawa jepesi hata lingeweza kutumwa kwa simu ya mtu maskini.

Alhamisi mzee akaja, akakaa kwenye stuli, akavua kofia. Nikalituma mbele ya macho yake. Majibu yakarudi muda huohuo kwamba limepokelewa. Akafurahi mpaka akataka kunishika mkono mara mbili.

"Watu wote wamo?" akauliza.

"Wote walio hai wamo," nikamjibu, nikimkazia macho nione kama atababaika.

Akacheka. Alidhani ni utani. Nami nikakichukulia kicheko kile kuwa cha mtu mzoefu.

Wiki tatu zikapita. Siku moja asubuhi akaingia mama wa rika la Bibi Mkubwa wetu, mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, ndala mkononi na miguu ina vumbi. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akakaa, akafungua fundo la kanga na kutoa orodha iliyogongwa muhuri, imekunjwa mara nane.

"Wewe ndiye binti wa mashine?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mimi naitwa Filomena, natoka Uru. Macho yangu hayasomi maandishi madogo. Nionyeshe mume wangu yuko wapi."

Nikamuuliza jina la mume. Akasema Bonifasi. Nililijua. Kaburi lake ndilo lililokuwa na mbuzi. Palepale nikahisi nimetegwa: Anselmi ameshtuka, sasa amemtuma mjane aje kulia dukani kwangu. Nikamjibu jibu ambalo mpaka leo likinijia najifunika kanga usoni.

"Mama, huyu ni marehemu. Marehemu hamwagilii."

Hakulia. Aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Na mimi je?" akasema.

Nikamwambia akaulize kamati. Akaikunja orodha mara nane tena, akaifunga kwenye kanga, akashukuru kabisa, akatoka. Baba, laiti angenitukana ningelala. Zile shukrani zake ndizo zilizonikosesha raha siku nzima. Kila mteja aliyekuja nilimpa kopi zenye kivuli.

Nikaamua kupanda Uru Alhamisi ya wiki ileile. Nisikudanganye kwamba nilienda kwa huruma. Nilienda kuhakikisha. Nilitaka niwakute Anselmi na yule mama wanakunywa pombe ya mbege pamoja na kunicheka. Nikaomba ruhusa, nikachukua bodaboda. Njia inapanda tu, kulia migomba, kushoto migomba, na hewa inazidi kuwa baridi. Nikamuuliza dereva kama anamfahamu Filomena wa Bonifasi. Akasema, "Yule anayebeba maji kwa ndoo siku hizi? Namfahamu."

Nilimkuta kweli na ndoo. Kihamba chake kiko pembezoni, mtaro unapita juu yake tu, mtu angeweza kutumbukiza mguu. Maji yalikuwa yanapita, mengi, yanakwenda zake kwa jirani. Yeye alikuwa anateka kisimani bondeni, anapanda, anamwagia miche ya kahawa aliyoipanda mwaka huu. Kata moja kwa kila mche. Ile ya mstari wa mwisho ilikuwa imeshakauka, majani yake ukiyashika yanavunjika. Chini ya migomba kulikuwa na kaburi la saruji, nikalitambua.

Jirani aliyekuwa anapata yale maji alikuwa anasimamia mtaro na jembe lake. Ni shemeji yake Filomena, mdogo wake marehemu, anaitwa Deogratias. Alinikaribisha vizuri sana, na mimi karibu ya namna hiyo huwa inanisimamisha nywele.

"Hii saa ilikuwa ya kaka," akanieleza bila kuulizwa. "Jina lake halikurudi. Sasa maji nitayaacha yapotee? Mimi ndiye mwanamume aliyebaki hapa."

Mzee Anselmi aliitwa, akaja akitembea taratibu na fimbo. Aliponiona akafurahi, akaniuliza kama nimekuja kutembea. Akaniambia ana shida kubwa: ofisi ya maji imewafuta marehemu wote kumi na mmoja, ameshaandika barua mbili kwa mkono, hawajamjibu.

Yule mzee alikuwa anapigana na ofisi kwa kosa langu. Hakuwa amenishuku mimi hata kidogo.

"Mzee," nikasema, "si ofisi. Ni mimi niliyewafuta."

"Wewe? Kwa nini, binti?"

"Nilidhani ni majina hewa. Nilidhani unayatumia wewe."

Akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Na simu yangu ulikuwa nayo. Ulinipigia kuniuliza rangi ya kijani. Hili hukuniuliza."

Akanieleza, nami nikasikiliza kama mtoto aliyekamatwa. Fomu ya ofisi iliomba uthibitisho kwamba kila mtumiaji ana haki ya siku nyingi. Huko kwao haki ya kihamba inaonekana kwa kaburi la mzee aliyezikwa humo na isale zilizopandwa mpakani, kwa hiyo kila familia ilikwenda kupiga picha ya kaburi lake, na yeye akazibandika zote kama zilivyotoka kwenye simu. Ndiyo maana faili likanenepa. Zamu huitwa kwa jina la mzee wa kihamba hata akiwa amelala chini, na wote mfongoni wanajua ni nani anayefungua maji. Kumi kati ya wale kumi na mmoja wana watoto wa kiume ambao nao wameandikwa mstari unaofuata, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Ila Filomena ana mabinti watatu, wote wameolewa mbali. Jina lake yeye halikuwahi kuandikwa mahali popote. Maji yalikuwa yanamjia kwa jina la Bonifasi peke yake.

Niliona aibu, Baba. Aibu ya kutoka jasho kwenye baridi. Nikamuuliza mzee nifanye nini.

Akaenda mpakani, akakata jani moja la isale, refu, la kijani mbichi, akaniletea. Akasema kwao ukimkosea mtu unampelekea hili, unampa mbele ya watu, unasema kosa lako. Mtu kulikataa ni jambo zito sana, hata aliyekosewa vibaya hujitahidi kulipokea. Mimi, unanijua, nikauliza kwanza kama ni dawa, na kama kuna kiapo chochote kinachokwenda nalo.

"Ni jani," akasema Anselmi, amechoka nami. "Ni kuomba radhi. Nenda."

Nikaenda pale alipokuwa ameweka ndoo. Nikalishika kwa mikono miwili. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfuta mume wake, nilimdhania ni mwongo, na yale maneno niliyomwambia dukani hayakustahili kusemwa kwa mtu mzima. Filomena akapangusa mikono kwenye kitenge, akalipokea jani, akasema, "Yameisha, mwanangu." Kisha akanishika bega, maana nilikuwa nalia.

Nikadhani mambo yamekwisha. Nikamwambia mzee kwamba tuandike barua ya kamati, nichape orodha upya, nimrudishe Bonifasi mahali pake.

"Ngoja," akasema Deogratias. "Kama orodha inafunguliwa, tuiandike vizuri. Ofisi haitaki marehemu. Andikeni jina langu. Mimi ni damu yake, shemeji atapata maji kupitia kwangu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa msaada. Mzee Anselmi akakuna kidevu. Nilimwona anaanza kulegea, akasema labda Bonifasi arudi kama zamani, au labda Deo ashike kwa muda, mambo ya kihamba ni ya ukoo, yasiharakishwe. Watu watatu wanne wa kamati walikuwa wameshakusanyika, nao wakaanza kutikisa vichwa.

Filomena alikuwa bado ameshika lile jani. Akaliinua.

"Hii isale imeletwa kwa nani?"

Akamgeukia katibu.

"Anselmi, wewe ndiye uliyeikata. Ulimwambia binti ampelekee nani?"

"Wewe, Filomena."

"Basi aliyekosewa ni mimi. Na kama nimekosewa mimi, kilichochukuliwa ni changu. Kama maji hayakuwa yangu, mimi sina cha kusamehe. Nitamrudishia binti jani lake sasa hivi, akampelekee Bonifasi pale," akaonyesha kaburi, "mkae hapo msubiri alipokee."

Baba, umekaa mahakamani miaka mingi. Uliwahi kusikia hoja namna hiyo? Nilitazama nyuso zao. Kurudisha isale iliyokwisha kupokelewa ni kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyetaka kukiona kikifanyika mbele yake. Mama mmoja wa kamati akajifanyia alama ya msalaba. Deogratias akafungua mdomo, akatazama jani, akaufunga.

"Usimrudishe Bonifasi kwenye mashine," Filomena akaniambia, sauti imeshuka. "Amefanya kazi vya kutosha, mwache apumzike. Niandike mimi. Miaka thelathini na kitu naamka kufungua hayo maji, andika jina la anayeamka."

Mzee Anselmi akavua kofia yake. "Andika," akasema.

Tukaandika barua palepale juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakasaini wote, na Deogratias akasaini wa mwisho kwa herufi ndogo sana. Nimeikagua sahihi yake mara mbili. Kisha nikasema kwenye safu ya uthibitisho nahitaji picha. Mzee mmoja akaelekea kaburini, akidhani ndipo nitakapopiga. Nikamwambia hapana, nataka ya mwenye zamu. Filomena akasema nimngoje. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, akasimama kwenye ukingo wa mtaro na jembe mkononi. Hakutabasamu. Nilipokuwa nairudisha simu mfukoni, akaniletea bakuli la mtori wa ndizi. Nikala lote bila kuuliza kuna nini ndani.

Orodha mpya nimeichapa mwenyewe. Picha yake nimeibana uzito kama nyingine, faili limetoka jepesi, likaingia mara ya kwanza. Jana limerudi na muhuri. Mstari wa ishirini na tatu, Filomena, Alhamisi, saa moja asubuhi mpaka saa nne. Nimelisoma jina herufi kwa herufi. Hata hivyo kesho alfajiri napanda tena Uru. Muhuri ni wino tu, na Deogratias namfahamu sasa. Nataka niyaone maji yakiingia kwenye ile miche kwa macho yangu. Mzee Anselmi amenicheka kwenye simu, amesema sitabadilika. Nimemwambia nimebadilika kidogo: siku hizi nauliza kwanza, halafu ndiyo nashuku.

Nisalimie kaka yangu mkubwa Hamisi, mwambie redio anayoitaka bado sijapata ya kuaminika. Nisalimie Shangazi Somoe na miguu yake. Nisalimie wifi, na watoto wote kwa majina yao. Mjomba Saidi mwambie barua yake nimeiona, ila sijaelewa kwa nini aliandika kwa penseli. Bibi Mkubwa mbusu mikono kwa niaba yangu.

Na Mama msalimie sana. Sasa nina swali, Baba, na usinikasirikie, maana nimeshaahidi kwamba nauliza kwanza. Lile shamba la mikorosho la kule bondeni, ambalo tangu nina akili sijawahi kukuona wewe umeshika jembe ndani yake, na Mama anatoka kila asubuhi na jembe lake kwenda kulipalilia. Nimejaribu kukumbuka hati yake ilivyoandikwa, na ninachokikumbuka ni mwandiko wako mzuri na jina lako.

Jina la Mama limo?

Nijibu kwa mkono wako. Na kabla ya kufunga bahasha, msomee Mama jibu lako kwa sauti.

Ni mimi binti yako mwenye mashaka na mapenzi mengi,

Zainabu